Sisimizi katika Shada la Alizeti

Swali la kwanza ambalo jirani yangu aliniuliza kuhusu alizeti zangu lilikuwa kama zinaliwa.

"Hii inakulwa?" aliuliza, ameegemea ua wa mianzi unaotenganisha viwanja vyetu.

"Mbegu zake zinakulwa," nilimjibu. "Kwingine banakamula na mafuta."

"Ah bon. Na wewe utakamula mafuta?"

"Hapana. Nitakata mauwa."

Alinitazama, kisha akaitazama ile mistari ya mimea iliyokuwa imenifika kifuani. Mwaka uliotangulia hapo palikuwa na lenga-lenga, mchicha wetu, na yeye mwenyewe alikuwa akija kuomba fungu la kupikia watoto.

"Mama Préfet," alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "mauwa utapika na nini?"

Nilicheka naye kwa sababu swali lilikuwa la haki. Huku kwetu Kisangani, katika komini ya Tshopo, ardhi ya nyuma ya nyumba ni ya matembele, ndizi na mihogo ambayo majani yake tunatwanga sombe. Lakini alipoondoka niliona aibu, na aibu ile ilinikalia tangu siku hiyo. Mimi ni mke wa mkuu wa shule. Mume wangu ni préfet wa shule ya sekondari, mtu anayevaa tai hata siku za mvua, na kwa ajili yake avenue nzima, mtaa wetu wote, wananiita Mama Préfet. Mama Préfet hategemewi kufanya jambo la kuwafanya watu waulize kama akili zake zimetulia.

Mbegu alinipa dada yangu anayeishi Bukavu. Alikuja kunisalimu akiwa na kopo la maziwa lililojaa mbegu zenye mistari myeusi na myeupe, akaniambia nizipande pale ninapotaka macho yangu yapumzike. Nilizipanda kandokando ya ua kwa kumfurahisha tu. Za kwanza zililiwa na konokono zikiwa bado majani mawili. Za pili zilirefuka vizuri, halafu ikaja mvua. Kisangani mvua haibishi hodi. Asubuhi nilizikuta zimelala kifudifudi kwenye tope, nikakasirika mpaka nikajishangaa. Nilikuwa sijawahi kukasirika hivyo kwa ajili ya mchicha.

Ndipo nilipoanza kujifunza. Nilichomeka vijiti vya mianzi na kuzifunga shina kwa shina. Nilipanda kidogo leo na kidogo baada ya wiki mbili, ili pasiwe na wakati ambapo zote zimekwisha. Niligundua kwamba ua la kukata halingojwi lifunguke lote. Unalikata alfajiri, petali zake zikiwa ndiyo kwanza zinajitenga na kile kitovu cha kahawia, unapukutisha majani ya chini na kulitia majini mara moja. Mashina yana vinyweleo vinavyowasha, na viganja vyangu vilikuwa vyekundu kila siku ya kukata. Nilivipenda hivyo hivyo.

Binti yetu mkubwa alipomaliza chuo kikuu, nilikata alizeti nikaenda nazo kwenye collation, ile sherehe ya kuwapa wahitimu digrii zao. Kila aliyefika pale anajua inavyokuwa: mama wanamwaga poda juu ya vichwa vya watoto wao, kila mmoja anavishwa mataji, na mashada yote ni ya plastiki, yamefungwa kwenye karatasi inayolia ukiigusa. Binti yangu alipoona nilichobeba, alininong'oneza, "Mama, mauwa ya kweli? Itakauka!" Lakini alipoyashika juu ya joho lake jeusi, uso ukiwa umepauka kwa poda, hata watu tusiowajua walikuja kuomba kuyashika wapigwe picha. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Kabla ya juma kwisha, mama mmoja alibisha hodi akiulizia yule anayelima maua ya jua.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa muuza maua, bila kukusudia na bila kujua nitaibebaje hali hiyo.

Kulima hakukuniaibisha. Kupeleka ndiko kulikoniaibisha. Nilikuwa nakaa nyuma ya toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, ndoo ikiwa mapajani, maua nimeyafunika kikwembe, kitenge changu, mpaka tufike Makiso katikati ya mji, ili wanafunzi wa mume wangu wakiniona wadhani nimebeba samaki. Samaki hawakuwa aibu. Maua yalikuwa aibu, sijui kwa nini. Labda kwa sababu anayeuza samaki, watu wanaelewa anataka nini. Siku moja nilifika kwenye mlango wa hoteli iliyoagiza maua, nimevaa vizuri, kilemba kimenyooka, na mlinzi, kijana aliyewahi kusoma kwa mume wangu, akatazama ndoo kabla hajanitazama usoni.

"Banaouzisha banapita nyuma, mama," alisema. Kisha akanitambua, akachanganyikiwa. "Oh! Mama Préfet! Pardon, pita tu hapa."

Nilimwambia hapana, nitapita nyuma. Nilipita nyuma, kati ya mapipa ya taka na wanawake waliokuwa wakitoa magamba ya samaki, na mmoja wao akainuka kunipa kiti. Ile heshima yake iliniunguza kuliko neno la mlinzi.

Mume wangu hakunikataza hata mara moja. Jioni moja tu alinisimulia kwamba mzazi mmoja alimwuliza ofisini, "Papa Préfet, banasema bibi yako anauzisha mauwa. Mambo iko nguvu nyumbani, pesa haitoshi?" Alinisimulia akicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani, akaomba maji ya kunywa.

Halafu akaja shangazi.

Namwita shangazi kwa sababu ndivyo ukoo wake wote unavyomwita, wakubwa kwa wadogo. Ni mama wa zile familia za zamani za Kiislamu za mji huu, Waislamu kama sisi, anauza vikwembe katika duka lake mwenyewe Makiso, na akisema jambo, kaka zake huitikia kwa kichwa. Alikuwa amemlea mtoto wa kaka yake tangu mama wa kijana huyo alipofariki, na sasa kijana alikuwa anaoa. Alikuja mwenyewe kwangu, akasimama kati ya mistari ya alizeti na mkoba wake mkononi, zikamzidi urefu.

"Niliona hizi kwenye collation," alisema. "Nataka bibi arusi aingie nazo. Sitaki plastiki. Nataka arusi yenye haifanane na ya mutu."

"Itakuwa hivyo, mama," nilisema.

"Watu bataniambia nimekuwa kichwa mbaya, mauwa ya shamba kwenye arusi. Nitabaambia wangoje waone."

Nilifurahi mno. Nilifurahi kwa sababu aliyenipa kazi ile alikuwa mtu ambaye hakuna anayemcheka, na nilidhani siku ile ikipita vizuri, mimi pia hakuna atakayenicheka tena. Sisi pia tulikuwa wageni waalikwa. Mume wangu alikuwa amemfundisha bwana arusi.

Juma lile jua lilikuwa kali. Niliogopa maua yatanyauka kabla bibi arusi hajafika katikati ya ukumbi. Kwenye simu niliona video ya mwanamke mmoja akipanga maua mezani, akaeleza kwa Kifaransa kwamba kijiko cha sukari kwenye maji kinayapa nguvu. Yeye alisema kijiko. Mimi, kwa hofu, nilichukua kopo la sukari la nyumbani nikalimimina lote kwenye beseni mbili, nikakoroga kwa mkono, nikasimamisha maua humo chini ya upenu wa jiko. Asubuhi yalikuwa yamesimama kama askari. Nikasema, kumbe yule mama wa video anajua.

Niliona sisimizi wachache kwenye ukingo wa beseni, nikawapangusa kwa kidole. Nani asiyekuwa na sisimizi jikoni? Nilifunga shada la bibi arusi kwa utepe mweupe, nikalizungushia majani laini, nikalipeleka.

Ukumbi ulikuwa umejaa, feni zinazungusha joto. Wazee wa upande wa bwana arusi walikaa mbele, shangazi katikati yao katika kikwembe kipya. Mimi na mume wangu tulikaa meza ya walimu. Muziki ulipoanza na bibi arusi alipotokea mlangoni, nilisikia watu wakivuta pumzi. Gauni lake lilikuwa jeupe tupu, na mbele ya kifua chake zile alizeti zilikuwa kama kitu ambacho mji huu haujawahi kuona. Mwalimu mmoja alinigusa mkono. "Ni zako?" Niliitikia kwa kichwa.

Katika arusi zetu bibi arusi haingii kwa kutembea. Anaingia kwa hatua za ngoma, pole pole, macho chini, na safari ya kutoka mlangoni hadi kwenye kiti inaweza kumaliza wimbo mzima. Alikuwa amebakiza robo ya njia alipotikisa bega la kulia. Wanawake walipiga vigelegele. Akatikisa la kushoto. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, "Aaah, bibi arusi anajua! Muone mabega!" Vigelegele vikazidi. Akazungusha shingo, akabana mikono, akaruka hatua moja, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mimi pia nilisimama. Nilipiga makofi. Ndipo nilipouona uso wake, na uso ule haukuwa wa mtu anayecheza.

Alipiga kelele, akalitupa shada. Likaruka juu ya maua ya meza, likaangukia mapajani mwa shangazi.

Sisimizi walikuwa wamejificha mgongoni mwa maua, kwenye magamba yale ya kijani, na ndani ya utepe wangu. Joto la mikono yake liliwatoa. Walikuwa wamempanda hadi kwapani, ndani ya mikono ya gauni, na sasa walitawanyika kwenye kikwembe kipya cha shangazi, naye akainuka akijipangusa kwa mikono miwili mbele ya wazee wake. Kwa muda mfupi hakuna aliyeelewa. Halafu mshereheshaji akainama, akatazama, akasema kwenye kipaza sauti, "Wapendwa, mauwa imekuja na ba-invité yake, bageni yake!"

Walicheka mpaka wengine wakashikilia meza. Simu zilikuwa juu kila mahali. Shangazi hakucheka. Alinitafuta kwa macho kati ya watu wote wale, akanipata, akanikazia macho. Niligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilikwenda kwenye chumba cha nyuma walikompeleka bibi arusi, nikitaka kumsaidia kuvua na kukung'uta nguo. Mwanamke wa upande wao alikuwa ameshika mlango.

"Mama, acha," alisema bila ukali. "Umefanya ya kutosha."

Niliondoka kwa miguu nikiwa na viatu vya sherehe. Mume wangu alibaki, kwa sababu alikuwa na hotuba ya kutoa. Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja chini ya upenu. Kutoka ufa wa ukuta hadi kwenye beseni ulitambaa mstari mweusi, mnene kama kamba, na maji ya sukari yalikuwa yamefunikwa na waliozama. Nikaelewa yote. Niliyamwaga yale maji, nikasugua beseni kwa majivu, kana kwamba kuna mtu anakuja kukagua.

Video ilitufikia kabla ya mume wangu kurudi. Binti yetu aliipokea Kindu anakofanya kazi, akaniuliza kwa ujumbe mfupi kama ni maua yetu. Nilizima simu. Siku zilizofuata watoto wa avenue walibuni ngoma: bega la kulia, bega la kushoto, shingo, kuruka, kelele. Waliicheza nikipita kwenda kisimani, nikaacha kupita. Waliicheza shuleni pia, nyuma ya mgongo wa préfet wao. Alirudi siku moja, akavua tai, akakaa bila kufungua gazeti. Afadhali angenigombeza. Mtu akikugombeza unaweza kujitetea, lakini yeye aliuliza tu kama nimekula.

Nilichukua panga nikaingia shambani. Nilidhamiria kukata zote, zilizochanua na zilizokuwa bado vitumba, nirudishe lenga-lenga, mambo yaishe. Nilikuwa nimemaliza mstari wa kwanza, mashina yamelaliana miguuni pangu, niliposikia hodi, na kwenye pembe ya nyumba nikaona msichana amevaa kanga kichwani. Sikumtambua mara moja bila lile gauni la arusi. Nilipomtambua, nilitaka ardhi inimeze.

"Mama, shikamoo," alisema.

Nilidondosha panga. Nilianza kusema pole, nikaisema vibaya, nikairudia, na yeye akangoja mpaka nimalize. Mikononi mwake palikuwa bado na alama alizojikuna. Alikuwa na umri wa binti yangu.

"Sikukuya juu ya ile, mama," alisema. "Niko na matatizo. Shangazi anasema ni mukosi. Anasema badudu habapandi mutu bure, ni mutu mwenye laana. Sasa banauliza kwetu kama bamama walinibariki vizuri, kama kuna kitu nilifanya kabla ya arusi."

"Na bwana yako?"

"Anasema ni upuzi. Lakini anasemea kwenye chumba. Mbele ya shangazi anakamata kinywa. Ni yeye alimulea." Alifuta macho kwa ncha ya kanga, haraka, kama mtu aliyeamua asilie. "Siku ya Dimanche wazee wanakutana. Mama, kama unajua bale badudu balitoka wapi, naomba tafazali, ukuye useme."

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu nilipoiona ile kamba nyeusi ukutani, na nilikuwa nimesugua beseni nikanyamaza, nikidhani aibu ile ni yangu peke yangu na ninaweza kukaa nayo ndani. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa anaibeba katika nyumba nyingine. Nilitazama alama zile mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza tangu arusi niliona haya juu ya kitu kilichostahili.

"Nitakuja," nilimwambia.

Jioni nilimweleza mume wangu yote, pamoja na sukari. Alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Unataka niende na wewe?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Watasema préfet amekuja kutetea bibi yake."

"Waseme."

Alichukua gazeti, akalifungua. Lakini Jumapili, siku ya kikao cha wazee, nilipotoka chumbani nilimkuta mlangoni, tai shingoni. Nilikuwa nimebeba maua mawili tu, kati ya yaliyosalimika na panga langu. Tulitembea mpaka karibu na mahali wanapoegesha toleka, ndipo aliposema bila kunitazama, "Pale salle, ukumbini, sikujua nifanye nini."

"Hata mimi," nilisema.

Nyumba ya shangazi ni ya zamani, ina ua mpana wa ndani. Wazee walikuwa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, chai ya tangawizi inazunguka. Bibi arusi alikaa pembeni peke yake, kichwa chini. Tulipewa viti. Mzee mmoja, kaka wa shangazi, alinipa nafasi ya kusema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. Nilisema yule mtoto hana mkosi. Nilisema maua yalikaa kwenye maji ya sukari, kwamba niliyaweka chini, karibu na ukuta, kwamba sisimizi waliingia na mimi sikuyakung'uta.

"Sukari?" mzee aliuliza. "Mauwa inakunywa sukari?"

"Ni bongo, ni uongo," shangazi alisema. "Amefundishwa kusema hivi. Mimi nimezeeka, sijaona mutu anapatia mauwa sukari."

Bibi arusi alizidi kuinamisha kichwa. Nikaona kwamba maneno hayatoshi. Nikaomba vikombe viwili, na sukari ile iliyokuwa kwenye sinia ya chai. Kwa haraka yangu nikamwaga sukari kwenye mkeka, na mwanamke mmoja akaifuta mbele yangu akiguna. Nilitia maji ya sukari katika kikombe kimoja, katika kingine maji matupu, nikasimamisha ua katika kila kimoja, nikaviweka chini ya ukuta.

Tukangoja. Hakuna kilichotokea. Sisimizi wa nyumba ile walikuwa na adabu kuliko wangu. Wanawake walitazama vikombe, kisha wakanitazama mimi. Nilikuwa nimekaa mbele ya ukoo mzima, mama mzima mwenye watoto wakubwa, nikiomba Mungu alete sisimizi. Mtu mmoja akakohoa ili asicheke. Kisha adhana ya alasiri ikasikika, wanaume wakainuka kwenda kusali, mume wangu pamoja nao, na mimi nikasali na wanawake kule ndani. Sitasema niliomba nini.

Tuliporudi uani, yule mzee alikuwa ametangulia. Alikuwa ameinama, mikono magotini, juu ya vikombe. Mstari mwembamba ulitoka kwenye ufa wa saruji, ukapanda kikombe cha sukari, ukapanda shina, ukapotelea mgongoni mwa ua. Kwenye kile kingine hapakuwa na kitu. Mzee alilitoa lile ua, akaligeuza, akalikung'uta kidogo tu, na sisimizi wakanyesha chini. Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, na wengine wakasogea kuona.

Shangazi alikuja mwisho. Alitazama kikombe kimoja, kisha kingine. Nilimwona usoni jambo ambalo sikulifikiria kabla ya hapo: yeye ndiye aliyetaka maua ya shamba, yeye ndiye aliyewaambia watu wangoje waone. Kama haikuwa mkosi wa bibi arusi, basi ilikuwa chaguo lake. Hakuwa na pa kuiweka aibu yake.

"Donc, basi haikuwa mukosi," alisema hatimaye.

"Haikuwa, mama."

"Ilikuwa nini?"

"Ujinga."

"Ujinga wa nani?"

Nilielewa alichohitaji. "Ujinga wangu, mama. Wewe uliagiza kitu kizuri. Mimi ndiye sikujua kazi."

"Sema tena, bote basikie."

Nilisema tena. Nilihisi masikio yangu yanawaka. Hapo mume wangu akasimama, akajirekebisha tai kama anavyofanya mbele ya gwaride la shule.

"Na mimi niseme," alisema. "Asubuhi ya arusi nilikunywa chai bila sukari. Niliona kopo ya sukari iko tupu. Bibi yangu hapendi sukari, si yeye aliikula; mimi niko na watu elfu wa kuuliza maswali kila siku, na kwangu sikuuliza hata moja. Ningeuliza, tungejua. Basi ujinga mugawanye kati yetu."

Wote uani wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kutucheka, sitajidanganya, lakini kilitucheka wawili. Mzee akamwita bibi arusi aje aketi karibu na mume wake, akawaambia wanawake wampe chai. Yule msichana akapita mbele yangu. Aligusa tu bega langu kwa vidole, akaendelea.

Mambo yakatulia hivyo. Hakuna aliyezungumza tena kuhusu laana. Bibi arusi yule anaishi vizuri na mumewe, amekuwa mwuguzi, na shangazi anamsifu kwa wateja wa duka. Mimi shangazi hanisalimu kwa zaidi ya kichwa. Nikienda Makiso huwa navuka upande wa pili wa barabara kabla ya duka lake, na najua kwamba ananiona nikivuka.

Mabua niliyoyakata niliyaozesha palepale, nikapanda upya. Sikuwa na ujasiri wowote. Mbegu zilikuwa zimebaki, na nilikuwa nimezoea kuamka alfajiri kwa ajili yake. Sasa maua yangu hukaa kwenye maji matupu, juu ya meza ambayo miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji. Wanaoagiza wamepungua. Walio wengi huuliza kwanza, "Haina badudu?" na hata wasipouliza, nawaona wakitaka kuuliza, nami nalikung'uta kila ua mbele yao kabla hawajafungua kinywa. Ninalima vizuri kuliko zamani. Sijui kama nitawahi kusikia vigelegele bila kutafuta mabega ya bibi arusi kwa macho.

Msimu huu wa mvua bibi arusi yule alikuja kunisalimu akiwa na mtoto mgongoni. Tuliongea mambo ya homa na ya shule. Wakati wa kuondoka nilimkatia alizeti moja, ile nzuri kuliko zote, nikampa. Alishukuru. Kabla ya kulisogeza ua lile karibu na mtoto, aliligeuza, akalichungulia mgongoni. Halikuwa jambo alilokusudia, mkono wake tu ulifanya. Akagundua kwamba nimemwona. Akafungua kinywa kutaka kusema neno, na mimi, kwa kumwahi, nikainama kutafuta kisu changu kwenye majani, ingawa nilikuwa nimekishika.